Mama Kwikwi na Chumba cha Baridi

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mkuu wa maabara yetu ya metali anastaafu tarehe 30 Juni. Hapa kazini tunamwita Mama Kwikwi, na walioajiriwa karibuni wana haki ya kujua kwa nini.

Kazi yake ni kuvuta metali mpaka ikatike, tena katika baridi ambayo barafu ukiiweka kando yake ni kama uji wa moto. Huzamisha kipande cha shaba au cha chuma cha pua ndani ya heli ya kimiminika, yaani gesi iliyopozwa mpaka ikawa kama maji, akakivuta taratibu huku kalamu ya mashine ikichora karatasini nguvu inayotumika. Mwaka wake wa kwanza kalamu ilirukaruka. Akadhani mashine imelegea. Yeye na fundi mitambo wakaifungua yote, wakaikaza upya, na kalamu ikaruka vilevile. Kumbe mashine ilikuwa nzima. Metali yenyewe, ikiwa kwenye baridi kali, haivutiki kwa utulivu. Hushtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Fundi alimnunia wiki nzima. Baadaye akamposa.

Tangu hapo amezichunguza kwikwi hizo, hasa katika metali zenye punje ndogo sana, yaani vile vichembe vinavyoiunda metali. Punje zikiwa ndogo, metali huwa imara zaidi. Mama alitaka pia inyumbulike kabla ya kukatika, maana tangi la gesi baridi halipaswi kupasuka ghafla watu wakiwa karibu.

Ana ukali wake. Ukiingia chumba cha baridi na haraka, anakutoa wewe na haraka zako, kwani metali ikivutwa mbio hupata joto na jaribio likaharibika. Lakini mimi ninayeandika haya nilipofiwa na mama yangu mzazi, ni yeye aliyekaa nami sakafuni siku nzima bila kunihubiria. Sijasahau.

Mwaka huu uongozi ulisema wazi: kama hakuna mwingine anayeweza kufanya jaribio hilo, chumba kitafungwa siku atakayoondoka. Mama hakulalamika, ila chai yake ikawa inapoa mezani bila kuguswa. Mwezi uliopita nikaachiwa mashine, wakubwa wakitazama. Yeye alitoka nje. Alisema moyo wake hauwezi. Nikavuta polepole. Kalamu ikaruka, ikatulia, ikaruka tena. Kipande kikarefuka vizuri, ndipo kikakatika, na wakubwa wakaridhika.

Nilimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta, mumewe amemshika mkono. Hakuuliza matokeo. Aliuliza kama nimekula. Nilipomwambia chumba kinabaki, alilia, nami nikalia, na fundi akajifanya anakagua taa.

Mama, asante kwa kazi na kwa malezi. Tunakutakia afya tele na mapumziko mema, wewe na fundi wako. Jumatatu tuna jaribio saa mbili asubuhi. Wewe lala.