Picha Ambayo Mama Nyuzi Alikataa Kuibandua

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mliofika kutushika mkono, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, nisome maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Nyuzi, nami nitayasoma kama yalivyokuwa, kwa sababu marehemu hakupenda kurembwa.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mama mshona nguo na baba mlinzi wa ghala, katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja, akasoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, na sekondari hadi 1975, ambako mwalimu wa hesabu alimtoa darasani mara mbili kwa kuchorachora pembeni mwa daftari, kisha akaingia chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la uchoraji ramani, akatoka Novemba 1977 na cheti cha daraja la kwanza.

Tarehe 2 Mei 1978 aliajiriwa na shirika la umeme kama mchora ramani, na tarehe 19 Desemba 1981 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi viatu, mtu mpole aliyezoea kuwaambia wateja wake, "Mimi nimeoa mke mmoja na nyaya elfu sita." Walijaliwa watoto watatu, binti mwaka 1983, binti mwingine mwaka 1986, na wa kiume mwaka 1990.

Mwaka 1997 kompyuta ziliingia ofisini, wenzake wa rika lake wakazikwepa, yeye akavuta kiti. Alikusanya kumbukumbu za umeme kukatika za miaka sita, kila transfoma akaifanya nukta, kila laini akaifanya uzi, kisha akaiamuru mashine isahau barabara na kilomita, isogeze pamoja vile vinavyozimika pamoja na kutenga visivyohusiana, na picha iliyotokea haikufanana na mji wowote, ilikuwa kama kapu la nyuzi za chungwa na samawati lililomwagwa sakafuni. Wengine waliisifu, wengine waliicheka, dada aliisoma. Katikati, nukta mbili zilikuwa zimelaliana: wodi ya wazazi ya hospitali, na kiwanda cha kusaga kokoto, vilivyoachana kwa kilomita nne, na ramani rasmi, ambayo dada mwenyewe aliichora mwaka 1988 kwa maelekezo ya wakubwa, ilidai kwamba wodi ina laini yake peke yake. Kumbe mitambo ya kokoto ikinguruma, wodi inazimika, na wakunga wanazalisha kwa tochi.

Tarehe 9 Juni 2003 aliibandika picha hiyo, upana wa mita mbili, ukutani mbele ya kaunta ya wateja. Meneja alitoka mbio ofisini kwake.

"Mama, hapa tunauza umeme, hatuuzi mapambo. Bandua."

"Bandua wewe," dada akamjibu, "halafu uende ukawaeleze wakunga."

Wiki iliyofuata alipewa barua ya kumtaka akiri kwa sahihi yake kwamba picha ni ya uongo, la sivyo ahamie stoo ya mita mbovu. Nyumbani, shemeji alimwuliza kwa upole, "Huwezi kuomba radhi tu, mke wangu, mambo yakaisha?" Akasema, "Radhi ya nini? Asiyejua maana haambiwi maana." Alilia mara moja, jikoni, akiwa ameupa mlango mgongo, akanawa uso, akairudisha barua bila sahihi, na kukaa stoo miezi kumi na mmoja.

Mei 2004 mhandisi mgeni alishuka huko akiwa na picha ile, iliyokwisha kubanduliwa na kukunjwa, kwapani, akamwomba, "Mama, nifundishe kuisoma." Walifukua kebo, wakakuta kiungo cha zamani ambacho hakikuwa kwenye ramani yoyote, na tarehe 12 Agosti wodi ikapata laini yake. Dada hakuombwa radhi, meneja alipandishwa cheo, na familia inalisema hili mchana kweupe, mbele ya wanaohusika, kwa kuwa tunawaona mlipokaa.

Alistaafu tarehe 30 Aprili 2009, akaweka kompyuta katika nusu ya kibanda cha viatu, na mwaka 2012 picha zake zilijaza ukumbi wa maonyesho, ambako watu walimwuliza zinaonyesha nini, naye akawajibu, "Nani anamtegemea nani."

Mwaka 2018 alianza kuugua ugonjwa wa kutetemeka, daktari akamshauri aache kuchora, akakataa, akisema, "Mkono ukitetemeka mstari nao utatetemeka, lakini utafika." Tarehe 21 Agosti 2023 alilazwa kwa homa ya mapafu, akafariki tarehe 3 Septemba, saa tisa alasiri, mumewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia bila kuombwa, wafanyakazi wenzake, na hasa wakunga wa wodi ile, waliokuja leo na sare zao. Tumepokea pia rambirambi ya shirika, iliyomwita "mtumishi mtiifu", na neno hilo la pili familia imelikata kwa kalamu, kwani hatutamzika na uongo.

Pumzika kwa amani, dada, na amani hiyo usimwombe mtu.