Mzee Filemoni Nyangwine na Ukuta wa Jikoni

Baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuwasomea wagonjwa Maandiko kwenye baraza la zahanati yetu hapa Nyamisangura, Mzee Filemoni Nyangwine anastaafu leo, tarehe 29 Juni 1957. Niliyepewa kazi ya kuandika haya ni mimi, Athanas Mniko, dresa, ambaye kwa muda mrefu nimefunga vidonda huku nikimsikiliza. Mnisamehe nikiandika kama mtu aliyechoka, maana nimechoka kweli. Masika haya malaria haikutupa nafasi hata ya kunywa uji.

Mzee Filemoni alikuja mwaka 1934 kutoka kwao Nyambureti, na nguo alizovaa, na Agano Jipya alilolifunga kwenye ngozi ya mbuzi. Aliajiriwa kufagia baraza na kuwapanga wagonjwa. Kusoma alijiongezea mwenyewe. Kila asubuhi, kabla hatujafungua dirisha la dawa, alisimama akasoma sura moja ya Biblia ya baraza. Sura ikimnogea alisoma mbili, nasi tukajua siku hiyo tutachelewa. Wapo waliolala palepale. Wapo waliotoka Kenyamonta kwa miguu, mgonjwa wao kwenye machela, wakamwambia waziwazi: "Mzee, tumesikia. Sasa dawa." Hakukasirika. Alifunga kitabu, akawatafutia maji ya kunywa, na kesho yake akaendelea pale alipoachia.

Aliyapenda Maandiko jinsi wanaume wa kwetu wanavyopenda ng'ombe: alikijua kila kitabu kwa ukoo wake na kwa tabia yake. Zaburi aliwapa wenye homa, kwa sababu ni fupi. Ayubu aliwawekea wale ambao ugonjwa wao umewachosha hata ndugu zao. Isaya alimsoma kwa ajili yake mwenyewe, na wala hakuficha.

Baraza letu lilikuwa na shida moja. Kwetu mkwe huheshimiwa kwa mbali: mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala mkaza mwana haketi alipo baba mkwe, wala hawasemezani. Sasa homa haijui ukwe. Siku moja kijana mmoja, Heche, alikuwa ameketi anatetemeka, mara mama mkwe wake akatokea kwenye njia. Heche alirukia shamba la mahindi na blanketi lake. Watu wote walicheka isipokuwa Mzee Filemoni. Alisogea mpaka mwisho wa baraza, akayageukia mahindi, akapaza sauti mpaka ikakauka, ili aliyejificha naye apate fungu lake. Kwinini nilimpelekea humohumo shambani. Tangu siku hiyo, wakwe wakikutana hapa, Mzee aliyageukia mahindi bila kuambiwa.

Macho yalikuwa yameanza kumwacha, naye hakumwambia mtu. Tuligundua mwaka juzi. Regina, mkunga wetu, alichukua Biblia ya baraza akaishone jalada, akaacha kitabu cha nyimbo mahali pake. Mzee alikifungua akasoma sura nzima ya Isaya, akigeuza na kurasa kwa wakati wake, Regina amesimama mlangoni na Biblia mkononi. Wagonjwa wakaitikia amina. Nilipomuuliza baadaye, alisema: "Athanas mwanangu, ukungu huu ni wa siku nyingi. Nilidhani nikinyamaza utapita."

Haukupita. Daktari alimwangalia akatikisa kichwa. Tukamwacha aendelee kusoma kwa moyo, na watu wengi hawakujua tofauti. Lakini mimi nilijua kinachomuuma, kwa sababu aliniambia. Yale aliyoyashika atakufa nayo. Aliokuwa akiwalilia ni manabii wadogo, wenye vile vitabu vifupi vinavyofunga Agano la Kale mpaka Malaki, ambao hakuwahi kuwatia moyoni. "Kila mwaka niliwaambia kesho," alisema.

Na nyumbani kwake anayejua kusoma ni mmoja tu: Wegesa, mke wa mwanawe Stanslaus, aliyefika darasa la nne. Yaani mkaza mwana wake. Tulimshauri mengi, ya maana na yasiyo na maana. Alikataa yote. "Sitamvunjia mtoto wa watu heshima yake kwa ajili ya macho yangu." Kwa hiyo mzee wetu alikuwa anakwenda kustaafu kwenye ukimya, na jambo hilo lilinikosesha raha kuliko masika yote.

Wiki iliyopita nilimsindikiza Nyambureti kupeleka sanduku lake. Tulifika jua limelala, miguu imetuvimba. Stanslaus alikuwa ameweka kigoda nje, kimeegemezwa kwenye ukuta wa jikoni. Nikashangaa, maana hapo moshi ni mwingi. Mzee aliketi akaegemea, akafumba macho kwa uchovu. Mara ndani ya jiko sauti ya mwanamke ikaanza kusoma, kwa nguvu, kama anayeyasomea masufuria yake: kitabu cha nabii Nahumu.

Stanslaus aliniambia kwa chini kwamba alikuwa amemsimulia mkewe habari za Heche. Mkewe akajibu: "Basi jiko ndilo litakuwa mahindi yangu."

Mstari wa kwanza tu Wegesa akakwama. Lile jina la mji wa nabii lilimshinda. Akajaribu, akarudia, akanyamaza. Mzee Filemoni aliinua kichwa. Kumsahihisha mkaza mwana hawezi. Kando yake palikuwa na ndama amefungwa, akamgeukia yeye.

"Mwelkoshi, wewe ndama," akasema kwa sauti ya barazani. "Mtu wa Elkoshi."

Sauti ya jikoni ikasema, "Mwelkoshi," na kuendelea. Machozi yalimtoka Mzee wala hakuyafuta. Nami sikufuta yangu.

Mzee Filemoni, asante kwa kila asubuhi, hata zile tulizokununia kwa sababu ya foleni. Jumatatu tutafungua dirisha la dawa mapema, na hatutafurahi. Nenda ukapumzike, ukae ukutani usikilize. Manabii wadogo ni kumi na wawili, na yule ndama bado mdogo. Tunawaombea uzima mwingi wewe, Wegesa na yeye, mfike wote mpaka Malaki.