Jicho la Mti Alioukata Elipidius

Mchungaji, mwenyekiti wa kijiji, ndugu wa ukoo, majirani wa Kanoni na ninyi mliotoka Kyerwa tangu alfajiri, historia hii ilikuwa isomwe na baba mdogo wa marehemu, ndugu Cleophace, lakini jana jioni alipoipitia alinirudishia karatasi akasema, "Shemeji, ukurasa wa pili siwezi kuusoma mbele za watu," nami sikuwa na nguvu ya kubishana wala ya kuandika mwingine, kwa hiyo naisoma mwenyewe, mimi Deodatha, mama yake mzazi, na asiyenisikia asogee, kwa sababu sitaweza kuirudia.

Elipidius Mwesiga Rwezaura alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1999, hapa hapa Kanoni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu Jovitus Rwezaura na mimi, akabatizwa mwaka huo huo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 2007 hadi 2013, kisha sekondari ya kata kuanzia mwaka 2014 hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 2017. Hesabu zilimshinda, Kiswahili na Baiolojia alifaulu, na mwalimu wake wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba ana mikono mizuri ila hatulii, jambo ambalo nililijua tangu akiwa darasa la tatu, alipoumaliza ufagio wangu kwa kutengeneza mishale.

Baada ya shule alirudi nyumbani, akashika migomba na kahawa aliyoiacha baba yake, na mwaka 2021 akaanza kulima mahindi kule Kyerwa, kwenye kipande nilichopewa na wazazi wangu, chini ya kilima chenye nyani, na mnaolima huko mnajua kwamba nyani wakishuka asubuhi moja, kazi ya miezi minne imekwisha. Jumamosi tarehe 3 Septemba 2022 alifunga ndoa na Ainembabazi, ambaye amekaa hapa mbele yenu, wakajaliwa mtoto mmoja, Edith, aliyezaliwa tarehe 19 Julai 2023, ambaye mwezi ujao atatimiza miaka miwili na hajui tunafanya nini hapa.

Hadi hapa ndugu Cleophace alikuwa tayari kusoma. Ukurasa wa pili ni huu.

Kwa kawaida sasa ningesoma ugonjwa, lakini marehemu hakuugua, aliuawa na upinde alioutengeneza kwa mikono yake, na kwa kuwa tangu Ijumaa yamesemwa mengi kuhusu upinde huo, nitaeleza ulivyotengenezwa, na anayejua kazi ya mbao anisahihishe.

Mwezi Agosti 2024, kiangazi, marehemu alikwenda kwa jirani yetu wa upande wa bondeni, Bibi Kokubanza, mjane wa marehemu Gaudiosus aliyekuwa akitengeneza pinde za walinzi wa mashamba na za wacheza ngoma, akamwomba mti wa kuchonga upinde wa kufukuzia nyani. Mgrivelea alikuwa amekwisha kuujaribu, unakatika bila kutoa taarifa, mkaratusi ulijipinda ulipokauka, omushambya ulipinda vizuri lakini haukurudi, ukabaki na kibiongo. Bibi Kokubanza alimzungusha shambani kwake asubuhi nzima, akimkunjisha vijiti gotini kimoja kimoja, mpaka wakafika kwenye mkole, kijiti chake kikarudi kama kilivyokuwa, akamwambia aukate, aupasue kwa kabari badala ya msumeno ili afuate nyuzi za mti, apake mafuta ya ng'ombe kwenye ncha zote mbili usipasuke, kisha aulaze juu ya dari ya jiko, kwenye moshi, na asiuguse kwa miezi sita. Aliyafanya yote. Hakuuziwa mti ule, alipewa.

Mwezi Februari mwaka huu aliushusha, akauchonga hapa uani, nami nikiwepo, na Bibi Kokubanza akaja kuutazama, akapitisha kidole gumba toka juu hadi chini, kikasimama mahali pamoja, akasema kwa sauti, kwa kuwa masikio yake ni mazito na hudhani ya wengine ni hivyo hivyo, "Mwana wange, hapa pana jicho, na jicho hili litakuua usipolifunika." Elipidius akacheka, akamjibu, "Bibi, nitalifumba kwa kano za ng'ombe, lilale usingizi."

Wapo waliokuwa wakipita njiani siku hiyo, wakasikia neno jicho, wakasikia litakuua, wakaenda nayo hayo mawili, na sasa ndiyo yanayozunguka kijijini, kwamba bibi huyu alimtupia mtoto wangu jicho la kichawi. Ndugu zangu, jicho la mti ni pale tawi lilipotokea, kila seremala aliyepo hapa hulitaja hivyo akichagua mbao, na pale nyuzi za mti hazipiti moja kwa moja, zinazunguka, na upinde ukivutwa, upande wa nje ndio unaotanuka, kwa hiyo nyuzi zilizokatika huanza kuinuka. Ndiyo maana mgongo wa upinde hubandikwa kano, ile mishipa myeupe inayolala mgongoni mwa ng'ombe, ikakaushwa, ikapondwa, ikachanwa kama nyuzi na kulazwa kwa gundi ya ngozi, nayo huushika mti usifumuke. Yule bibi alikuwa anamwonya. Hakuna mtu mwingine katika kijiji hiki aliyemwonya.

Kano alizipata, akazining'iniza kwenye dari ya jiko, zimefungwa kwa kamba ya mgomba. Ijumaa tarehe 11 Aprili nilirudi toka kupalilia, mvua imeninyeshea, nyumbani kuna maharage matupu, nikaona kifurushi cha nyama kavu ambacho sikukumbuka nilikiweka lini, nikakikatakata nikakitumbukiza chunguni. Tulikula sote. Maharage yalinata, Ainembabazi akaniuliza, "Mama, umetia bamia?" na marehemu akainuka, akatazama dari, akarudi akakaa chini kwa kicheko, akasema, "Mama, leo tumekula upinde."

Hakunikasirikia. Aliniomba tu nimwambie Nolasco wa bucha amtunzie kano nyingine siku ya kuchinja, kwa kuwa mimi ndiye ninayepita pale kila Jumamosi, nami nikakubali. Jumamosi ya kwanza ilinyesha, ya pili kulikuwa na kikao cha akina mama kanisani, ya tatu nilifika buchani, nikasalimiana na Nolasco, nikaondoka sijasema neno, na baada ya hapo nilikuwa nikimwambia mtoto kesho. Mwisho wa Mei nyani walishuka, wakamaliza robo ya mahindi, na Jumanne tarehe 3 Juni aliniuliza tena, nikiwa nimechoka, nikamjibu maneno haya, ambayo Ainembabazi aliyasikia, "Upinde ni fimbo yenye kamba, baba, bandika hata kiroba uende ukalinde mahindi."

Akabandika kiroba. Alikata mfuko wa mbolea vipande vyembamba, akavilaza juu ya jicho kwa gundi ya seremala. Kiroba kinavutika, hakishiki kitu.

Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa tisa alasiri, aliujaribu hapa uani, mbali na watu, mimi nikipukuchua maharage, akavuta mara mbili hadi nusu, mara ya tatu akavuta wote, ukavunjika pale pale penye jicho, na kibanzi chenye urefu wa kiganja kikamwingia shingoni upande wa kulia. Theoneste alimpakia kwenye bodaboda yake, mimi nyuma nimeshika kanga shingoni, tukafika hospitali ya Nyakahanga akiwa bado anapumua, wakamfanyia upasuaji, na Ijumaa tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Vipande vya upinde viko hapa mezani, pembeni ya picha yake. Njooni mtazame. Jicho ni hilo, halizidi punje ya hindi, na kwenye kiroba herufi za mbolea bado zinasomeka. Mkitafuta mkono wa mtu katika kifo hiki mtakuta wa kwangu, chunguni, na ulimi wangu siku ya Jumanne, hamtakuta wa Bibi Kokubanza.

Juzi Jumamosi migomba kumi na miwili ya bibi huyo imekatwa. Mawe yamepigwa kwenye bati lake. Wapo vijana hapa, na baadhi ni damu yetu, waliosema kwamba tukishamaliza kuzika watapita kwake, na nimesikia kwa masikio yangu, nikiwa nimelala kwenye nyasi za matanga tunazolalia wafiwa, wakadhani nimesinzia. Nawaomba. Sijui niombe vipi zaidi ya hivi. Nimezika mume, leo nazika mtoto, msinifanye wiki hii nizike na jirani kwa kosa langu. Mwenyekiti, umesikia, na umesikia mbele ya watu.

Bibi mwenyewe yupo nyuma ya jiko langu tangu asubuhi, kwa kuwa hapa mbele hakuna aliyemsogezea mkeka. Ainembabazi, mlete. Akae hapa, aweke udongo baada yangu, na kuanzia leo atalala matanga ndani kwangu, kwenye nyasi, ubavuni mwangu, anayemtaka atapita mlangoni kwangu kwanza.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyakahanga, ambao hawakukaa tangu tulipofika, Theoneste na pikipiki yake, Nolasco aliyeleta nyama, wanakwaya, majirani waliochota maji na kukata kuni, na walimu waliomfundisha marehemu. Waliokata migomba siwashukuru, lakini mikungu saba ilikuwa imekomaa, na Bibi Kokubanza ameibeba mwenyewe, mmoja mmoja, akaileta hapa kama mchango wake wa msiba. Ndizi zinazochemka kule jikoni ndizo hizo, nyingine hatuna, mtakula hizo tukitoka makaburini, na mimi nitaanza.

Elipidius, kiroba nilikisema mimi. Pumzika, baba, kwa amani ambayo huku juu bado tunaitafuta.