Pua Iliyookoa Karafuu

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Truphosa Nekesa anavua aproni yake baada ya miaka ishirini na minane katika kiwanda chetu kidogo cha vinywaji kitongojini Vällingby.

Aliajiriwa kuosha chupa. Mwenye kiwanda, Laurence, alikuwa amekuja kutoka Uingereza na mapishi ya kordiali, vileo vitamu vya viungo na mitishamba. Zamani wauza dawa wa huko waliviuza kama tiba ya moyo na tumbo, na akina mama wa nyumba kubwa walivitengeneza wenyewe. Baadaye vikawa vinywaji vya starehe. Truphosa alijisomea historia hiyo hadi akawa ndiye anayewaeleza wageni. Wengi walishangaa kusikia kwamba mwimbaji huyu wa kwaya hajawahi kumeza hata tone. Yeye hunusa tu. Kwa ajili ya pua hiyo alitupigia marufuku manukato, na mimi, Mwaura, aliwahi kunirudisha nyumbani kwa kosa la samaki wa kukaanga.

Mwaka 2020 Laurence aliugua korona, akapona, akarudi kazini. Siku chache baadaye alipitisha pipa la kordiali ya karafuu, lita mia tatu, lijazwe kwenye chupa. Truphosa akafunga bomba, akasema karafuu zimeungua. Laurence alikasirika, akamkumbusha ni nani aliyeanzisha kiwanda. Truphosa alimletea kikombe cha kahawa na kikombe cha maji ya moto, akamwomba afumbe macho na kutambua kahawa kwa harufu. Alishindwa. Sisi tuliokuwapo tuliangalia sakafu.

"Sinusi chochote tangu niugue," alisema Laurence. "Niliogopa kwamba mkijua mtaondoka."

"Haondoki mtu," Truphosa akamjibu. "Wewe shika kalamu, mimi nitanusa."

Pipa likamwagwa. Kwa miezi mitatu walipika upya, na Laurence akaandika vipimo ambavyo hadi hapo vilikuwa kichwani mwake tu. Harufu zilimrudia polepole, nanaa ikitangulia.

Vipimo hivyo ndivyo Truphosa alivyomfundishia Tiana, mrithi wake. Jana Tiana alikataa pipa la tangawizi. Truphosa akanusa, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kunywa chai.

Dada yetu, asante kwa yote. Wajukuu zako walioko Märsta wamekungoja vya kutosha. Nenda ukawafaidi, na Mungu akujalie miaka mingi ya afya na kicheko.