Karani wa Ghala Aliyeomba Kurudia Masomo

Ndugu waombolezaji, watumishi wa Mungu, majirani na wafanyakazi wa ghala la rangi, mimi ni mdogo wake marehemu, nasoma badala ya shemeji yangu ambaye sauti imemkauka, na kisomo changu ni kidogo, nikikosea mnivumilie.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, katika chumba cha kupanga nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa mama yetu, mshona magunia. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982, akaishia hapo, maana baba alifariki na sisi wadogo tulitaka kula. Mwaka 1987 aliajiriwa ghalani, kwanza kufagia, baadaye karani wa kupokea makopo, akafahamiana na fundi wa mizani, wakafunga ndoa tarehe 6 Juni 1992, Mungu akawajalia mabinti wawili, hawa mnaowaona.

Mwaka 2016 mwajiri alitangaza kwamba msimamizi mpya lazima awe na cheti, ndipo marehemu na wenzake watatu wakajiandikisha chuo cha watu wazima, masomo ya jioni, biashara, kompyuta na maadili. Vijana wa darasani walimbandika jina la Bibi Kitufe, kwa kuwa hakuisha kuuliza, "Mwalimu, nabonyeza kipi tena?", naye alicheka pamoja nao. Lakini wale wanne walifika darasani wamechoka, wakagawana masomo kama watu wanavyogawana zamu, huyu awaandikie wote kazi za biashara, wale wawili za kompyuta, na marehemu, kwa kuwa ni mtu wa ibada, aandike za maadili. Hivyo dada yetu aliandika insha nne juu ya uaminifu, tatu kwa majina ya wenzake, na zote zikasifiwa.

Sifa zile zilimnyima raha. Alikuja kwangu kutaka shauri, nami, Mungu anisamehe, nikamwambia afunike kombe mwanaharamu apite. Hakunisikiliza, alikwenda kwa mwalimu akasema yote, chuo kikafuta matokeo ya wote wanne, na mtunza funguo wa ghala, mmoja wa wale wanne na rafiki yake tangu usichana, aliyekwisha kuahidiwa usimamizi, akaukosa. Alimwambia mbele za watu, "Unataka kupanda mbinguni kwa mgongo wangu, mwenzangu?", na salamu zikaishia hapo.

Marehemu aliomba kurudia masomo yote, safari hii peke yake. Mwaka 2018 alipatikana na saratani ya ini, akasoma wodini, binti mkubwa akimshikia kompyuta, mpaka vidole vikakataa. Alifariki tarehe 9 Februari 2019, kabla ya mtihani wa mwisho.

Jana mkuu wa chuo alituletea cheti chenye jina lake, kiwe heshima. Tunamshukuru sana, ila shemeji amekirudisha, kwa sababu mtihani ule dada hakuufanya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kulala nasi, na wenzake wa ghalani mliochimba kaburi. Mtunza funguo naye yupo, amekaa kule nyuma. Dada, marehemu alikungoja, kila mlango wa wodi ukifunguliwa aligeuza shingo, nawe ulifika kitanda kikiwa kimeshatandikwa upya. Hakuwa na neno nawe, wala sisi hatuna, sogea mbele ukae na ndugu.

Nawe dada yetu, mikono ya Mungu ikupokee, upumzike kwa amani.