Bibi Ijezie Hnautra na Kura ya Tatu

Wajomba wa marehemu mliotangulia kuketi, wakuu wa kijiji, mchungaji, na ninyi mliovuka bahari kuja kumzika: tunainamisha vichwa kwanza, ndipo tusome maisha yake.

Bibi Albertine Ijezie Hnautra alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Hnadrile, wilaya ya Lösi, hapa kisiwani Lifou. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Trohmae, na wa kwanza alikuwa kaka yake Wassa, ambaye walifuatana naye kama kidole na ukucha. Jina la Ijezie alipewa na wajomba zake, na jina la Albertine alipewa na karani.

Alianza shule ya misheni mwaka 1958 na kuacha mwaka 1964. Mwalimu alikuwa akiwapiga wakisema lugha ya nyumbani, hata uwanjani. Bibi aliondoka pale akijua kutaja mito mikubwa yote ya Ufaransa, toka juu mpaka chini, nacho kisiwa chake hakina mto hata mmoja. Uzeeni wajukuu wakimsumbua aliitaja ile mito kwa mpigo mmoja, halafu akasema, "Haya, nendeni mkachote maji."

Alikwenda Nouméa, mji mkuu ng'ambo ya bahari, mwaka 1967 kufanya kazi za ndani kwa wazungu. Akarudi mwaka 1972, na kuanzia 1979 mpaka alipostaafu mwaka 2011 alipika katika jiko la shule kule Wé. Tarehe 21 Julai 1973 aliolewa na marehemu mzee Saiqë Hnautra. Harusi ilichukua wiki nzima, mvua ikanyesha siku zote, na viazi vikuu walivyoleta watu vikalala kitandani kwa maharusi, maharusi wakalala chini. Mungu aliwajalia watoto watatu. Mzee Saiqë alifariki mwaka 2005.

Mwaka 1988, baada ya damu kumwagika nchini, wakubwa walitia sahihi kwamba baada ya miaka kumi watu wataulizwa kama wanataka nchi iwe yao wenyewe au ibaki chini ya Ufaransa. Bibi alikuwa na miaka thelathini na saba. Miaka kumi ilipotimia wakaambiwa wangoje mingine ishirini. Hakugomba. Alisema tu, "Nitakuwa nimezeeka, lakini kalamu bado nitaishika."

Alipiga kura tarehe 4 Novemba 2018. Upande wake, wa nchi kuwa yao wenyewe, ukashindwa. Akapiga tena tarehe 4 Oktoba 2020, ukashindwa kwa karibu zaidi. Ikabaki ya tatu, ya mwisho kwa mapatano yale.

Ndipo ugonjwa ule wa dunia nzima ulipoingia visiwani. Mzee Wassa alifariki tarehe 2 Oktoba 2021, na hakuwa peke yake. Wazee wakatangaza matanga ya mwaka mzima, wakaomba kura isogezwe mbele. Haikusogezwa. Ikabaki tarehe 12 Desemba, na kijiji kikakubaliana kwamba mwenye maiti haendi kupanga foleni.

Drikon, mtoto wa kwanza wa Bibi, alipiga simu kutoka Nouméa.

"Mama, umengoja miaka thelathini na mitatu!"

"Najua kuhesabu."

"Basi nenda! Mjomba mwenyewe angekwenda."

"Mjomba wako yuko kaburini, na mimi ndiye dada yake. Nikiondoka mkekani nani atakaa?"

Siku ile Bibi alikaa mkekani. Redio ikasema matokeo, ambayo kila mtu aliyajua kabla, maana upande wa Bibi karibu wote ulibaki matangani. Hakulia. Alimenya viazi vikuu vya watu arobaini, na waliokula walikuwa saba.

Wiki haikwisha, habari ikaja kwamba Drikon ameonekana kwenye foleni mjini. Katika nyumba ya msiba, hilo ni kumruka maiti. Watu walisema mengi, wengine wakasema amewapigia kura wale wa upande wa pili. Bibi hakumpigia simu, naye Drikon hakupiga. Ikapita miaka miwili na zaidi.

Figo za Bibi zilianza kushindwa mwaka 2022. Akahamia Nouméa kwa binti yake Melewen ili awe karibu na mashine ya kusafisha damu. Alikuwa akitoka kwenye mashine anakaa kitandani bila kuvua viatu, anasema amechoka, si mwili tu.

Mei 2024 vijana wa upande wa Bibi walipinga sheria mpya ya kura, mji ukawaka na barabara zikafungwa. Melewen hakuwa na gari, na siku ya mashine ilikuwa imeshapita. Akampigia kaka yake. Drikon akaja asubuhi, akambeba mama yake mpaka garini, hawakusalimiana. Kizuizi cha tatu kilikuwa cha magari yaliyoungua, kikilindwa na vijana; mmoja wao akapaza sauti.

"Simama hapo hapo! Unakwenda wapi?"

"Nampeleka mama hospitali."

"Kila mtu ana mama mgonjwa. Jana kuna jamaa alikuwa na mama watatu!"

Bibi akashusha kioo. "Wewe mwenye fulana ya bluu, mwana wa nani?"

"Wa kwa Haluatr, Bibi."

"Haluatr wa Gaica? Babu yako alikuwa hawezi kunyamaza hata kanisani." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mzee Wassa, akamgeukia Drikon. "Umekuja na nini mkononi?"

"Mama, hiki ni kizuizi cha barabara, si nyumba ya watu."

"Wana siku ngapi hapa?"

"Nane."

"Wanapika?"

"Wanapika."

"Basi ni nyumba ya watu. Unaingiaje mikono mitupu?"

Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akampa. Drikon akashuka, akainamisha kichwa, akakiweka chini na kusema maneno ya kuomba kupita, kama tunavyofanya kila mlango. Yule wa fulana ya bluu akapokea na kujibu vizuri, akasogeza gogo lililoziba njia kati ya magari.

"Pita, Bibi. Na wewe kaka, siku nyingine usije kama mtalii!"

Walipokwenda kidogo Bibi akauliza, "Ulichagua nini siku ile?"

"Kile ulichokuwa unakingoja."

Bibi akapandisha kioo. "Basi mlikuwa wachache," akasema. "Na ulikosea. Nami sijui kama sikukosea."

Hawakulizungumza tena. Tangu siku hiyo Drikon ndiye aliyempeleka kwenye mashine. Mwezi Juni mwaka huu 2025 Bibi aliomba mashine iachwe, arudishwe nyumbani. Alifariki hapa Hnadrile Jumamosi tarehe 5 Julai, saa nne asubuhi, watoto wake watatu wakiwa chumbani.

Wapo waliotaka jina la Drikon lisisomwe leo. Bibi alikuwa ameshasema, "Mkinisoma msimruke. Mtu hafutwi kwa kura." Jana Drikon aliweka kitambaa na kiazi kikuu mbele ya wajomba wa marehemu, watu wa ukoo wa mama yake, akaomba msamaha kwa matanga ya mzee Wassa. Wakanong'ona kwa muda. Mkubwa wao, mzee Kaudre, akasema, "Pumzi ya huyu mama ilitoka kwetu. Neno lake ni letu. Someni."

Ameacha watoto watatu: Drikon, wa kwanza, ambaye tangu jana anavunja matumbawe ya kaburi hili na mikono yake imechubuka, Melewen, na Hmeiny; wakwe wawili, wajukuu tisa na kitukuu mmoja.

Kapumzike, Bibi, umetulia. Amina.