Mama Kiporo Hataki Kuacha Kiporo

Ifikapo tarehe thelathini Juni, mwenzetu wa chumba cha kompyuta atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha uchapaji, na siku hiyo hiyo atatuaga. Jina lake kamili lipo kwenye kadi za mwaliko. Humu ndani sote tunamwita Mama Kiporo, naye huitika.

Alianza kama mpiga chapa, enzi zile kompyuta ya kwanza ilipoletwa ikafunikwa kitambaa na kila mtu akaipita kwa mbali. Uongozi ulipouliza nani yuko tayari kuigusa, yeye alikuwa ameshavuta kiti. Tangu hapo makao yake ni kile chumba cha nyuma ya ngazi, kati ya stoo ya karatasi na choo cha wanaume, chenye feni inayopiga kelele zaidi kuliko inavyopuliza. Ukiingia na soda mkononi, unarudi nayo ulikotoka.

Jina la utani lilitokana na somo lake moja asilochoka kulirudia: antivairasi mpya haisakinishwi juu ya mabaki ya zamani. Yale mafaili yanayojificha baada ya programu kuondolewa aliyaita viporo, na akasema hakuna mwenye akili anayepika upya kwenye sufuria yenye kiporo cha juzi. Jina likamganda. Kuna muuza wino mmoja, mgeni, alielekezwa kwa Mama Kiporo saa saba mchana, akaingia akiuliza kama chakula bado kipo. Lo! Alipewa kiti, akapewa somo zima la antivairasi, akaondoka na njaa yake.

Mhasibu wetu mkuu naye hatasahau. Alijigamba kwamba ameiondoa antivairasi ya nyumbani kwake mwenyewe, bila fundi. Kumbe alikuwa amefuta kile kialama cha kwenye skrini tu! Mama Kiporo alicheka mpaka akavua miwani, akamwambia kung'oa kibao cha mlangoni hakumhamishi mpangaji.

Lakini mimi nilimjua hasa siku ya dada yetu wa mapokezi. Mumewe alikuwa amefariki, na sauti yake ilibaki mahali pamoja tu duniani: video fupi kwenye kompyuta ya nyumbani, akimfundisha binti yao kuendesha baiskeli, akimfuata mbio huku akimwambia atazame mbele, asiangalie gurudumu, baba yupo nyuma yake. Shemeji yake, kwa nia njema, akaweka antivairasi ya pili juu ya ile ya kwanza iliyokwisha muda. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mashine ikawa inawaka, inaganda, basi. Fundi wa mtaani akasema dawa ni kufuta kila kitu. Dada alikuja kazini macho yamemvimba.

Jumamosi Mama Kiporo akatinga nyumbani kwa dada huyo. Mimi ni jirani, nikaitwa kushika tochi chini ya meza. Kwanza alimpiga marufuku shemeji kugusa chochote. Akaiwasha mashine katika ile hali ya usalama, inayoamsha vitu vya lazima tu na kuziacha antivairasi zote mbili zimelala. Akanakili video kwenye flashi, akaijaribu kwenye kompyuta aliyokuja nayo, ikacheza, ndipo akavuta pumzi. Kisha akaziondoa moja moja, kila moja kwa programu ya kusafishia iliyotolewa na watengenezaji wake. Baada ya kila moja, zima, washa. Shemeji akauliza kwa nini zisiondolewe kwa mpigo. Jicho alilokatwa lilimtosha. Mwishoni akasakinisha moja tu, akaiacha ijisasishe na kuikagua mashine nzima, ndipo akamwita dada yetu abonyeze mwenyewe.

Sauti ya marehemu ilipojaa sebuleni, dada alikaa sakafuni akalia kwa furaha. Mama Kiporo, huyu mkali wetu, alijitia kutafuta waya nyuma ya meza. Mimi nilikuwa huko huko chini na tochi yangu, nikamwona anajifuta machozi. Nisamehe Mama, leo nimetoboa siri.

Wiki hii yote amekuwa akijiondoa mwenyewe. Amekabidhi nywila, amefuta akaunti yake, ameipangusa droo, na amemwamuru mrithi wake azime na kuwasha mbele ya macho yake. Anasema hataki kutuachia kiporo.

Mama, hapo umechelewa. Nyumbani kwa dada, jirani yangu, kila Jumapili bado inasikika sauti ya mwanamume anayecheka na kukimbia. Binti yule sasa ni mtu mzima, na ndiye atakayekukabidhi zawadi yetu. Tunakushukuru kwa mikono yako, kwa ukali wako na kwa machozi yale. Kapumzike kwa afya na furaha. Na njiani tazama mbele, usiangalie gurudumu. Sisi tupo nyuma yako.